Karata, Skrini na Majina Yetu: Historia Fupi ya Sura ya Maktaba

0. Utangulizi

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii inamfaa mfanyabiashara, lakini inamfaa zaidi mwenye maktaba. Kitabu kilichomo rafuni bila kuandikwa mahali popote ni sawa na kitabu kisichokuwamo. Na kitabu kilichoandikwa mahali ambapo msomaji hatafikiri kukitafuta, nacho kimepotea, ingawa daftari lipo.

Tuanze na kisa kidogo. Tulikusanya katika kompyuta moja vitabu na makala vya kielektroniki vinavyohitajiwa na wanafunzi wa semina yetu, tukavikabidhi kwa programu ya kupanga vitabu. Mwanafunzi mmoja akaja kutafuta maandishi ya Mudimbe. Akashuka na orodha ya watunzi hadi herufi M, akaona kitabu kimoja tu, akaondoka. Maandishi mengine yalikuwamo, lakini yalikuwa yamepangwa kwenye herufi Y. Aliyeyaingiza, naye ni mwandishi wa makala haya, alikuwa ameandika jina kwa utaratibu uliozoeleka nchini mwetu: Mudimbe Vumbi Yoka. Mashine ikalichukua neno la mwisho na kuliamini kuwa ndilo jina la ukoo. Mwanafunzi akaandika sura nzima ya kazi yake bila kusoma makala aliyoyahitaji kuliko yote. Nasi tukamlaumu kwa uvivu kabla ya kugundua kwamba kosa lilikuwa letu.

Katika makala haya tunakusudia kueleza kosa la namna hiyo linatoka wapi. Tunaita «sura ya programu» yale yote ambayo mtumiaji huyaona na kuyagusa kwenye skrini: orodha, safu, vitufe, kisanduku cha kutafutia. Watu wengi hudhani kwamba sura hiyo ni pambo tu, na kwamba kazi ya kweli iko ndani ya mashine. Sisi tutajaribu kuonyesha kwamba kila uamuzi kuhusu sura ya maktaba ni uamuzi kuhusu nani ataonekana na nani hataonekana. Kwamba uamuzi uliopo leo kwenye skrini ulirithiwa kutoka kadi za karatasi. Na kwamba katika urithi huo kuna jambo moja la hekima ambalo wenye maktaba walilijua na watengenezaji wa programu wakalisahau. Tutafuata njia ya historia, kisha tutarudi kwenye majina yetu.

1. Karata za Ufaransa, kanuni za Uingereza

Kuorodhesha vitabu ni kazi ya kale. Katika karne ya tatu kabla ya Kristo, Kallimakhos wa Kirene aliandika juu ya maktaba ya Aleksandria orodha iliyojaza magombo 120. Lakini orodha iliyoandikwa katika gombo au katika daftari ina kasoro moja: kitabu kipya kikija, hakuna nafasi ya kukiingiza katikati.

Dawa ya kasoro hiyo ilipatikana kwa kiasi kikubwa kutokana na shida. Mwaka 1791 serikali ya mapinduzi ya Ufaransa ilijikuta na mali isiyo na daftari, yaani vitabu vilivyotwaliwa kutoka nyumba za watawa na makanisa. Ili vijulikane, maofisa waliagizwa watumie karata za kuchezea, maana upande wa nyuma wa karata za wakati ule haukuwa na michoro. Katika kila karata waliandika jina la kitabu, wakapigia mstari jina la mtunzi, kisha wakazitunga karata katika uzi kwa kufuata alfabeti. Kitabu kisipokuwa na mtunzi, walipigia mstari neno moja la jina lake lililoonekana kuwa kuu.

Tuuangalie vizuri mstari ule. Karata moja haiwezi kukaa mahali pawili katika uzi. Kwa hiyo mwandishi wa karata alilazimika kuchagua neno moja, na neno hilo likawa mlango wa kitabu. Asiyelijua hakuingia. Uchaguzi huo haukutokana na asili ya kitabu, bali na asili ya karatasi.

Huko London, Antonio Panizzi, Mwitalia aliyekimbilia Uingereza na kuwa mlinzi wa vitabu vya British Museum, aliona kwamba uchaguzi huo hauwezi kuachiwa kila karani. Mwaka 1841 zilichapishwa kanuni 91 ambazo yeye na wenzake walizitunga. Kwa kawaida kitabu kiliwekwa chini ya jina la ukoo la mtunzi, jinsi Waingereza walivyozoea. Lakini mna kanuni mojawapo inayostahili kukumbukwa: vitabu vya marabi wa Kiyahudi, na vya watunzi wa Mashariki kwa jumla, viwekwe chini ya jina lao la kwanza. Neno «Mashariki» ni pana mno na lina kasumba ya wakati wake. Hata hivyo, wazo lililomo ni sahihi: si kila taifa linaloweka mwishoni jina ambalo mtu hutambulikana kwalo. Wazo hilo lilikuwa limekwisha kuandikwa zaidi ya karne moja kabla ya kompyuta kuingia maktabani.

Marekani ndiyo iliyoieneza kadi duniani. Mwaka 1876 Charles Ammi Cutter alitoa kanuni zake za katalogi, akasema kwamba kazi ya katalogi ni kumwezesha mtu kupata kitabu akijua mtunzi, au jina la kitabu, au mada. Na kumwonyesha maktaba ina nini cha mtunzi fulani. Tangu hapo kitabu kimoja kiliandikiwa kadi tatu, nne au zaidi. Milango iliongezeka, lakini kila mlango uligharimu kadi nyingine na saa nyingine ya karani. Mwaka huohuo Melvil Dewey alitoa mfumo wake wa kugawa maarifa kwa tarakimu. Naye alikuwa miongoni mwa waliosimamia kwamba kadi na makasha yake viwe vya kipimo kimoja, kama sentimita 7.5 kwa 12.5. Mwaka 1901 maktaba ya bunge la Marekani ilianza kuuza kadi zilizochapishwa tayari. Maktaba ndogo zilifurahi, maana kazi ilipungua. Lakini pamoja na kadi walinunua pia maamuzi yaliyofanywa Washington kuhusu jina la nani lianze.

2. Brussels: ndoto ya milango mingi

Mji wa Brussels una nafasi yake katika historia hii, na sisi tunao mwambao wetu na mji huo. Mwaka 1895, wakati Kongo ikiwa bado mali ya Leopold II, Paul Otlet na Henri La Fontaine walianzisha huko taasisi ya bibliografia ya kimataifa. Nia yao ilikuwa kuwa na kadi ya kila kitabu na kila makala yaliyopata kuchapishwa duniani. Miaka ya 1930 makasha yao yalikuwa na kadi zaidi ya milioni 12, na watu wa nchi mbalimbali walituma maswali kwa barua.

Otlet alielewa udhaifu wa mstari mmoja. Mfumo wa tarakimu ambao yeye na mwenziwe waliuendeleza kutoka ule wa Dewey uliruhusu mada mbili kuunganishwa kwa alama ya nukta mbili, ili kitabu kuhusu lugha na kazi, kwa mfano, kisilazimishwe kuwa cha lugha peke yake au cha kazi peke yake. Katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1934 alikwenda mbali zaidi: aliwaza meza isiyo na kitabu juu yake, bali skrini na simu, na vitabu vyote vikiwa katika jengo la mbali. Msomaji angeuliza, na ukurasa ungetokea mbele yake. Masalio ya kazi yake yamehifadhiwa Mons, katika Mundaneum.

Hata hivyo tusipitwe na upande wa pili. Kadi hizo mamilioni ziliandika yaliyochapishwa, na katika Kongo ya wakati ule waliochapisha walikuwa hasa maofisa, wamisionari na makampuni. Mwafrika alionekana katika makasha yale kama mada, si kama mtunzi. Milango ilikuwa mingi, ila haikufunguliwa kwa wote.

3. Kadi yaingia katika mashine

Katika miaka ya 1960 Henriette Avram, aliyekuwa mtaalamu wa programu katika maktaba ya bunge la Marekani, aliongoza kazi ya kuigeuza kadi iwe maandishi yanayosomwa na mashine. Matokeo yake yaliitwa MARC, na kuanzia mwaka 1969 maktaba nyingine ziliweza kuyapata katika kanda za sumaku. Kila sehemu ya kadi ilipewa nambari: 100 kwa mtunzi mkuu, 245 kwa jina la kitabu.

Kwa mwanaisimu, MARC ni ya kuvutia kwa sababu inakiri wazi kwamba majina yana sarufi. Pembeni mwa nambari 100 huwekwa tarakimu inayosema kama jina linaanza na jina la mtu mwenyewe au na la ukoo. Pembeni mwa 245 huwekwa tarakimu inayosema ni herufi ngapi za kurukwa wakati wa kupanga, ili kitabu cha Kifaransa kinachoanza na «Le» kisiwekwe kwenye L. Mashine haikuachiwa ikisie. Binadamu aliyejua lugha aliiambia.

Wakati huo wenye maktaba wa mataifa mengi walikuwa wamekwisha kukutana Paris, mwaka 1961, wakakubaliana kwamba neno la kuanzia jina la mtu lifuate desturi ya nchi yake, kadiri iwezekanavyo, au ya lugha anayoitumia. Hapo wazo dogo la London lilikuwa kanuni ya dunia.

Katika vyuo vya Afrika kompyuta nyingi za kwanza za maktaba zilitumia programu ya UNESCO iitwayo CDS/ISIS, ambayo kuanzia mwaka 1985 iliweza kufanya kazi katika kompyuta ndogo. Sura yake ilikuwa ya maandishi matupu, na mtumiaji alichagua kazi kwa kubonyeza herufi. Haikupendeza macho. Lakini ilikuwa na adabu moja: haikumwekea mwenye maktaba sehemu za kujaza. Kila maktaba ilijipangia yenyewe sehemu zake, na sehemu moja iliweza kurudiwa mara nyingi. Aliyetaka kuandika watunzi watano, au majina matatu ya mtu mmoja, hakuzuiwa. Uhuru huo ulidai ujuzi, na penye upungufu wa watu waliofunzwa ulikuwa mzigo.

4. Maktaba ya mtu mmoja: calibre

Vitabu vya kielektroniki vina historia yao. Mwaka 1971 Michael Hart, katika chuo kikuu cha Illinois, alianza kupiga chapa maandishi katika kompyuta ili yagawiwe bure; ndipo ulipozaliwa Project Gutenberg. Lakini kwa muda mrefu vitabu hivyo vilikuwa faili chache zilizotawanyika. Haja ya programu ya kuvitunza ilizidi pale vifaa vya kusomea vilipoanza kuuzwa kwa watu wa kawaida.

Mwaka 2006 kampuni ya Sony ilitoa Marekani kifaa cha kusomea kiitwacho PRS-500. Programu iliyokuja nacho ilifanya kazi katika Windows tu. Kovid Goyal, aliyekuwa mwanafunzi wa fizikia huko California, alitumia Linux. Kwa hiyo aliandika programu yake, akaiita libprs500. Mwaka 2008 iligeuzwa jina ikawa calibre. Ni programu huru, hutolewa bila malipo, na mtu yeyote aweza kusoma jinsi ilivyoandikwa. Leo ni miongoni mwa programu zinazojulikana sana duniani kwa kutunza vitabu vya kielektroniki.

Tutazame maamuzi matatu katika sura yake.

Uamuzi wa kwanza ni kuficha folda. Ukimpa calibre kitabu, hukinakili katika ghala lake, ndani ya folda yenye jina la mtunzi na nyingine yenye jina la kitabu, na hutakiwi kuzigusa. Watumiaji wengi wamelalamika, maana walikuwa wamezoea kujipangia folda zao. Jibu la mtengenezaji limeelezwa katika mwongozo wa programu: folda ni mti mmoja, na kitabu hukaa katika tawi moja, bali orodha yenye watunzi, mada, lugha na mifululizo humfikisha msomaji kwa njia nyingi. Msomaji aliyetufuata tangu mwanzo atatambua hoja hiyo. Ni hoja ya Cutter na ya Otlet dhidi ya uzi wa karata, na katika skrini mlango mwingine haugharimu kadi nyingine.

Uamuzi wa pili ni mpangilio wa dirisha. Katikati mna orodha ya vitabu kwa safu. Kushoto mna makundi ya kuchagulia, yaani watunzi, lugha, mada. Kulia mna jalada na maelezo ya kitabu kilichochaguliwa. Juu mna kisanduku cha kutafutia na vitufe vikubwa. Wako wanaosema kwamba sura hii imejaa mno. Sisi tunaona fadhila yake: mtu asiyejua cha kutafuta anaweza kutembeza macho kama anayepita katikati ya rafu. Kisanduku cha kutafutia humsaidia anayejua. Orodha humsaidia anayetaka kujua. Mwanafunzi ni huyo wa pili.

Uamuzi wa tatu ndio unaotuhusu zaidi. Kwa kila mtunzi programu hutunza majina mawili: jina linaloonekana na jina la kupangia. Mtumiaji asipoandika la pili, programu hulitunga yenyewe. Kanuni ya kawaida ni hii: jina likiwa na mkato, liachwe lilivyo, lisipokuwa nao, neno la mwisho lipelekwe mbele. Hivyo «V. Y. Mudimbe» hupangwa kama «Mudimbe, V. Y.». Vivyo hivyo kwa majina ya vitabu: programu ina orodha ya vibainishi vya lugha mbalimbali, kama Kifaransa, Kijerumani na Kihispania, na kibainishi kikiwa mwanzoni mwa jina la kitabu hupelekwa mwisho.

Tunaona basi kwamba jambo lililofanywa katika MARC kwa tarakimu iliyoandikwa na binadamu limekuwa makisio ya mashine. Hatumlaumu mtengenezaji. Alitunga programu kwa maktaba ya mtu mmoja, na hakuna mtu mmoja atakayeweka karani nyumbani mwake. Lakini makisio hayana lugha ya watu wote. Yana lugha ya nchi ambamo jina la ukoo huja mwisho.

5. Majina yetu mbele ya kanuni hiyo

Mwaka 1972 serikali ya Zaire iliwataka raia waache majina ya Kikristo na kuchukua majina ya asili. Joseph-Désiré Mobutu akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga. Valentin-Yves Mudimbe, aliyekuwa akifundisha Lubumbashi, akawa Vumbi Yoka Mudimbe, na kwa ustadi akabaki na herufi zilezile, V. Y. Hata baada ya majina ya Kikristo kurudi, utaratibu wa nchi yetu umebaki kuwa jina kwanza, kisha jina la nyuma, na mwisho lile la ubatizo kama lipo. Tukiyapitisha majina hayo katika kanuni ya neno la mwisho, rais wa zamani atakuwa «Banga», na mchoraji wa historia ya nchi, Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi, atatafutwa chini ya «Matulu». Mwenye jina la ubatizo mwishoni atapangwa kwa jina hilo, pamoja na akina Jean na Marie wote.

Upande wa pwani mambo hayawi mepesi zaidi. Utenzi wa Tambuka, ambao nakala yake ya kale ina tarehe ya mwaka 1728, ulitungwa na Mwengo bin Athumani. Mashine itamweka chini ya Athumani, ambaye ni baba. Mwana Kupona binti Msham, aliyemtungia bintiye utenzi maarufu, atawekwa chini ya Msham. Mama aliyeandika kwa jina lake mwenyewe anarudishwa nyumbani kwa baba yake. Kwa kufuata ile kanuni ya mwaka 1841, Mwengo angekaa kwenye M, mahali ambapo kila msomaji wa Kiswahili angemtafuta.

Tena ajabu ni kwamba kosa hili halionekani. Katika orodha msomaji huona jina lililoandikwa vizuri, «Mudimbe Vumbi Yoka», lakini hulikuta limekaa kati ya majina ya Y. Jina la kupangia, ambalo ndilo sababu, limefichwa. Na kosa husafiri: vitabu vikihamishiwa katika kifaa kingine, kwa kawaida folda hupewa jina la kupangia, na anayevipokea huupokea na mkanganyo.

Majina ya vitabu nayo yana mitego. Kiswahili hakina kibainishi kinachotangulia nomino, kwa hiyo mtu angedhani tumesalimika. Tuchukue mfano wa kubuni: kitabu ambacho jina lake ni methali «La kuvunda halina ubani». Sisi tunajua kwamba «la» hapo ni kihusishi cha ngeli ya 5, chenye kurejelea jambo lisilotajwa. Lakini lugha ya kitabu ikiachwa bila kuandikwa, au ikiandikwa Kifaransa kwa kuwa ndicho kilichozoeleka katika kompyuta zetu, mashine itaona kibainishi cha kike cha Kifaransa na kukipeleka mwisho: «kuvunda halina ubani, La». Hapo si alfabeti tu iliyoharibika, bali na sarufi ya methali.

Mfano wa mwisho ni mzito kuliko yote, na haumhusu mtengenezaji wa programu peke yake. Mwaka 1965 iliandikwa katika mji wetu, kwa Kiswahili cha hapa, historia iliyotungwa na André Yav kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Jina lake ni la Kifaransa: Vocabulaire de Ville de Elisabethville. Mwaka 1990 Johannes Fabian aliitoa, pamoja na tafsiri ya Kiingereza na maelezo, katika kitabu kiitwacho History from Below, yaani historia kutoka chini. Sasa mpe karani asiyejua habari hii kitabu hicho akiingize. Mtunzi: Fabian, maana jina lake ndilo lililo juu ya jalada. Lugha: Kiingereza. Mahali: mwanafunzi wa leo atatafuta Lubumbashi, jina ambalo mji umekuwa nalo tangu 1966, na halimo katika jina la kitabu. Karani hakukosea hata sehemu moja kwa kanuni za kawaida. Hata hivyo anayetafuta Yav, anayetafuta Kiswahili na anayetafuta Lubumbashi, wote watatu watarudi mikono mitupu. Historia kutoka chini imewekwa tena chini.

6. La kufanya

Haifai kumaliza kwa malalamiko. Programu tuliyoieleza imeacha mlango wazi, nasi hatujautumia. Mahali pa kusimamia watunzi, jina la kupangia linaweza kusahihishwa mara moja kwa vitabu vyote vya mtu. Na kanuni yenyewe ya kugeuza inaweza kubadilishwa, ili jina lisilo na mkato liachwe lilivyo. Kitabu kinaweza kuwa na watunzi wengi, na lugha zaidi ya moja. Mtumiaji anaweza pia kujiongezea safu zake, kama ilivyowezekana zamani katika CDS/ISIS.

Tunapendekeza basi mambo matatu kwa idara zenye kukusanya vitabu vya Kiswahili. Kwanza, jina la mtunzi wa Kongo lipangwe kwa neno ambalo mwenyewe na wasomaji wake hulitanguliza. La mtunzi wa pwani mwenye «bin» au «binti» lipangwe kwa jina lake la kwanza. Na mtu mmoja awe na umbo moja tu la jina, yale mengine yakitajwa katika maelezo. Pili, sehemu ya lugha isiachwe tupu kamwe, na kitabu chenye maandishi ya Kiswahili ndani kihesabiwe kuwa cha Kiswahili pia, jalada liwe la lugha gani. Tatu, aliyetunga maneno atajwe kuwa mtunzi pamoja na mhariri wake, na miji iandikwe kwa jina la zamani na la sasa.

Kazi hiyo haidai fedha. Inadai mtu ajuaye lugha, akae mbele ya skrini na kujaza sehemu moja moja. Nani aifanye? Fundi wa kompyuta hawezi kujua kwamba Yoka si jina la ukoo, wala kwamba «la» si kibainishi. Mwanaisimu anajua. Kwa muda mrefu tumeiona kazi ya katalogi kuwa ya makarani, nasi tukajiwekea ile ya kufasiri matini. Lakini matini isiyoonekana haifasiriwi na mtu. Yule mwanafunzi wetu alirudi, tukamwonyesha herufi Y, tukasahihisha jina pamoja naye. Ilichukua muda mfupi kuliko kusoma ukurasa huu. Yamebaki majina mengine mengi, na kila moja linamngoja mtu anayelijua.